Wino wa Lyuben

Hapa Vratsa kifo hubandikwa mlangoni:
karatasi moja, picha, jina, miaka.
Siku ya arubaini unabandika nyingine,
miezi sita nyingine, mwaka nyingine,
kituo cha basi, nguzo ya taa, mlango wa chini,
na kila karatasi inakunywa.

Mume wangu aliijua kiu hiyo.
Miaka ishirini na miwili alifundisha jiografia,
mitihani akiichapa jikoni kwa mashine yetu,
kwa kuwa ya shule ilikufa na haikuzikwa.
Katriji mpya: leva arubaini na sita.
Mashine yenyewe tuliinunua sabini.
"Hawa," alisema, "wanatuuzia ng'ombe kwa bei ya kamba
ili watuuzie nyasi maisha yote."

Basi akanunua wino wa chupa, lita nzima,
na bomba la sindano kwenye duka la dawa za mifugo.
Jumapili, gazeti mezani,
alitoboa katriji kwa msumari wa moto
akaichoma taratibu, kama anayechanja mtoto wa watu,
akaziba tundu kwa utepe.
Vidole vyake vilikuwa vya zambarau hata kanisani.
Ramani zake zilitoka rangi ya majivu:
Danubi unaitafuta kwa kidole,
milima ya Balkani kama pumzi kwenye kioo.
Wanafunzi wakamwita Mwalimu Ukungu.
Alicheka. Akapiga hesabu ya alichookoa
akaiandika daftarini,
kwa penseli.

Mwezi Februari moyo wake ulisimama
kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Kaka yake, Ventsislav, akasema: peleka dukani,
watakutolea nyeusi ya kung'aa.
Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.
Nikaiwasha mashine. Ikakohoa, ikawasha taa:
njano imekwisha.
Njano! Mjane anachapa nyeusi
nayo inadai njano,
kama mtu aliyekuja matangani akiulizia nyama.

Nikalifungua daftari. Alikuwa ameandika:
Njano ikigoma, bonyeza kitufe cha kusimamisha.
Usiachie. Hesabu hadi kumi.
Usiitukane, haisikii.

Nikahesabu. Kwenye saba nilikuwa nalia.
Kwenye kumi ikaanza kumleta,
paji la uso kwanza, mstari baada ya mstari,
hafifu, vile alivyoitega mwenyewe,
kwa rasimu.

Husemwa wino wa Mungu haufutiki.
Wa Lyuben ulifutika siku ya tatu.
Mvua ilishuka mlimani, sharubu zikateremka hadi kwenye tai,
mwaka wa kuzaliwa ukamwagikia wa kufa.
Parashkeva wa ghorofa ya kwanza akatikisa kichwa:
"Rahisi ghali, Tsvetana."
Nikachapa tena. Safari hii nikamvalisha
mfuko wa plastiki uliokuja na jibini.

Sasa mwaka umetimia,
na chupa bado ina wino wa vidole vitatu.
Kwenye nguzo ya taa, marehemu wengine ni weusi tii;
unawasoma ukiwa ng'ambo ya barabara
na unapita zako.
Yeye hasomeki kwa mbali.
Leo asubuhi, kutoka dirishani, nilimwona kijana mwenye mkoba
akipunguza mwendo, akirudi nyuma,
akasogea, akavua miwani,
pua yake nusura iguse karatasi,
kidole kikifuata herufi polepole
kama mtu anayetafuta mto.
Midomo yake ikatamka kitu. Nadhani nakijua.
Basi likaja, likaondoka bila yeye.

Nilirudi jikoni, nikiwa na karatasi nne za kuchapa.
Taa ilikuwa inawaka.
Njano.
Nikaweka kidole, nikaanza: moja.